Kutoka Chumba 1219 Hadi Makaburi ya Hollywood

San Francisco mwezi wa saba ina baridi ya kumdhalilisha mtu aliyekuja na fulana. Nilishuka kwenye tramu Mtaa wa Powell nikakimbilia ndani ya hoteli ya St. Francis, nusu kwa ajili ya joto, nusu kwa ajili ya chumba 1219. Lifti ilidai kadi ya mgeni, nami uwezo wa kulala pale sina. Nikabaki mapokezi, chini ya saa kubwa ya mbao ambapo watu hupeana miadi. Hoteli hii ilianza mwaka 1938 kuosha sarafu ili zisichafue glavu nyeupe za wageni wa kike. Doa lake kubwa liko ghorofa ya 12.

Septemba 5, 1921, Roscoe Arbuckle, yule mchekeshaji mnene wa sinema bubu, alikuwa na karamu huko juu. Pombe ilikuwa marufuku nchi nzima, lakini ilinyweka. Mwigizaji Virginia Rappe akazidiwa ghafla, na baada ya siku nne akafariki kwa kupasuka kibofu cha mkojo. Maude Delmont, aliyefika naye karamuni, akamnyooshea Arbuckle kidole, na magazeti ya William Randolph Hearst yakamaliza kesi kabla haijaanza. Ajabu ni kwamba Delmont hakuitwa kutoa ushahidi hata mara moja. Upande wa mashtaka ulijua maelezo yake hayasimami.

Kesi ya kuua bila kukusudia ikasikilizwa mara tatu. Mara mbili jopo la raia wanaoamua kesi lilishindwa kuafikiana. Aprili 12, 1922, jopo la tatu lilirudi baada ya dakika chache tu, likamwachia huru na kumwombea radhi kwa maandishi. Siku sita baadaye Will Hays, aliyeajiriwa na wenye studio kuisafisha Hollywood, akapiga marufuku filamu zake. Marufuku ilifutwa Desemba, jina likiwa limeshakufa. Kwa maoni yangu Hays hakuhukumu chochote. Alipiga hesabu ya tiketi.

Kesho yake nikavuka ghuba kwa basi hadi Emeryville, nikapanda treni ya Coast Starlight. Ni safari ya kutwa nzima. Saa nyingi ni mashamba ya mboga, lakini ukishapita San Luis Obispo reli inateremkia pwani, na abiria wote wanahamia dirisha la kulia. Arbuckle aliipanda njia ya kwenda kaskazini kwa gari lake la Pierce-Arrow, alilolinunua kwa fedha nyingi mno.

Los Angeles nilianzia Mtaa wa South Alvarado. Hapo namba 404 ndipo mwongozaji William Desmond Taylor alipopigwa risasi usiku wa Februari 1, 1922, kesi ya pili ya Arbuckle ikiwa bado inaunguruma. Asubuhi mtu aliyejiita daktari alisema ni tumbo lilivuja damu. Walipomgeuza ndipo wakaona tundu mgongoni. Nyumba zilibomolewa zamani, na mimi nikaambulia magari na wauza matunda.

Makaburi ya Hollywood Forever yamepakana ukuta kwa ukuta na studio za Paramount, kampuni iliyowatajirisha wote wawili, Arbuckle na Taylor. Virginia yuko huko, na pembeni yake Henry Lehrman, mchumba wake. Taylor yuko ndani ya jengo la makaburi, lakini jiwe linasema William C. Deane-Tanner, baba mpendwa wa Ethel. Ndilo jina lake la kuzaliwa. Mke na binti huyo aliwatelekeza New York mwaka 1908.

Muuaji hakupatikana. Shemeji yangu, mwenyeji wangu mjini humo, anaapa ni Charlotte Shelby, mama wa mwigizaji Mary Miles Minter, binti aliyekuwa akimwandikia Taylor barua za mapenzi. Mimi namshuku Edward Sands, mtumishi aliyemwibia tajiri wake akatokomea. Tulibishana hadi chai ikapoa.