Chukua hii tumalizane

Mafundi wenzangu mnaijua kauli hiyo. Kazi imeisha, maji yanatoka, mwenye nyumba ameshahamia, halafu anakwambia: "Fundi, nina laki tatu tu. Chukua tumalizane, ukikataa basi." Anajua vibarua wako wanasubiri hela yao.

Mimi ni fundi bomba, huku Kigamboni. Mpwa wangu anayesoma sheria amenisimulia kesi moja ya Uingereza iliyonigusa sana. Donaldson, fundi rangi, na Casey, fundi bomba, walikuwa na kakampuni kao. Mwaka 1964 walimfanyia kazi bwana mmoja, Rees, wakawa wanamdai pauni 482 na ushee. Wakadai weee, kimya. Novemba mke wa Rees akapiga simu: tunawapa 300, zaidi ya hapo hampati kitu. Kampuni ilikuwa inakaribia kufilisika. Wakachukua hundi, na mama yule akashikilia risiti iandikwe kwamba hesabu imekamilika.

Walipodai salio mahakamani, utetezi ukawa: si mlikubali wenyewe?

Kuna kanuni ya kweli hapo, wanasheria huiita estopeli. Ukimwambia mtu hutamdai, naye akapanga mambo yake kwa kulitegemea neno lako, mahakama haikuruhusu ugeuke. Jaji Denning ndiye aliyeifufua, katika kesi ya jengo la London ambalo kodi yake ilipunguzwa nusu mwaka 1940 kwa sababu ya vita. Naiunga mkono kabisa. Neno la mtu mzima ni neno.

Lakini Denning huyohuyo, mwaka 1965, aliwanyima akina Rees kinga hiyo. Aliona mafundi hawakukubali kwa hiari, walibanwa kwa sababu shida yao ilijulikana. Mafundi wakashinda, wakapewa salio lao.

Sasa tusijidanganye kwamba huku ni vilevile. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinamruhusu mdai kusamehe deni lote au sehemu yake, hata bila kupewa chochote. Ukisaini "tumemalizana" umejifunga, na kujinasua ni mpaka uthibitishe kuwa ridhaa yako haikuwa huru. Ni kazi ngumu hiyo, fundi!

Kwa hiyo laki tatu pokea, watoto wale. Ila kwenye risiti andika "malipo ya sehemu", taja na kiasi kilichobaki, ndipo usaini.