Shingo ya Kitunguu

Basi lilichemsha Ruaha Mbuyuni, kabla hata hatujaanza kuupanda mlima Kitonga. Kutoka Dar hadi hapo sina la kusimulia, labda twiga wawili tuliowaona Mikumi na sahani ya chipsi kavu ya shilingi 5,000 pale tulipochimba dawa. Nauli nililipa ya daraja la juu. Kiyoyozi kilikufa hata Morogoro hatujafika.

Ilikuwa saa nane mchana, na joto la bonde lile la mibuyu halina mfano. Dakika chache kabla nilikuwa nimenunua dirishani mfuko wa wavu wa vitunguu, shilingi 15,000, maana ukipita pale bila vitunguu nyumbani watakuuliza. Sasa tumeshushwa, nikaufungua. Vya juu vikubwa, vyekundu, vikavu. Vya katikati vimelowa, vingine vimeshachipua. Kijana aliyeniuzia hakuonekana tena. Niliumia sana.

Bibi mmoja aliyekaa na sado zake za vitunguu chini ya turubai akaniita. "Lete nikuchambulie, mwanangu." Nikamwamkia, akanisogezea ndoo nikaikalia. Fundi alihangaika na rejeta kwa muda wa karibu saa tatu, na saa zote hizo nilikuwa darasani.

"Ukubwa usikudanganye. Bonyeza shingo."

Akanishika kidole gumba akakiweka pale majani yalipokatwa. Kitunguu kilichoachwa kikakomaa, majani yakalala yenyewe, maji ya mfereji yakakatwa mapema kabla ya kuvuna, kisha kikaanikwa vizuri, shingo yake husinyaa na kujifunga. Kilichong'olewa haraka kuwahi bei, shingo ni nene na laini, na uozo huingilia hapohapo. Kilichotoa ua kina kijiti kigumu katikati. "Hicho kipike leo, kesho kitakukimbia."

Nikamweleza kwamba vyangu havimalizi wiki. Akauliza naviweka wapi. Kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na viazi. Bibi akaguna. "Kitunguu kinapumua, mwanangu. Na viazi vina unyevu, vinakiotesha."

Alichambua mfuko wangu wote mafungu mawili: vya kupika wiki hii na vya kukaa. Vilivyooza akavitupa, akanijazia nusu sado vyake, na pesa akakataa. Nikanunua sado nzima, nikaona bado nina deni.

Tulipoanza kuupanda mlima, basi likinguruma kona baada ya kona, nilikuwa namuwaza mama. Kwetu Iringa vitunguu vilining'inia juu ya kichanja, vimefungwa mafungu kwa majani yake, mbali na gunia la viazi. Nimekua nikiviona kila siku nisiulize kwa nini. Yeye alikuwa anavifunga, mimi nasoma kwa taa ya chemli, na alifurahi kuniona nasoma. Miaka kumi na moja nimekaa mjini natupa vitunguu, na simu ya mama ninayo.

Tulifika saa tatu usiku, baridi ya Iringa imeshashuka. Mama alinipokea mlangoni, akachukua mfuko, akatoa kitunguu kimoja na kukibonyeza shingo kwa kidole gumba, gizani, hata habari za safari hajaniuliza.

"Hiki kilianikwa," akasema. "Nani kakuchagulia?"