Simama Nje Kwanza

Shalom wapendwa, Bwana asifiwe sana. Wiki hii naomba tukae kwenye Kumbukumbu la Torati 24:10-11, mistari ambayo hata sisi tuliookoka siku nyingi huwa tunaipita mbio tukiwahi sura ya 28 kwenye baraka. Pale Mungu anasema na mtu aliyemkopesha jirani yake, anamwambia usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani, simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Hebu fikiria, unamdai, haki unayo, lakini mlango ni wake. Maskini ana mlango, na Mungu mwenyewe anaulinda.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wetu wa kanisa wamemaliza ile nyumba waliyokuwa wakimjengea mama mmoja maskini na watoto wake, na wengi mnaniuliza ilikuwaje, na mimi nilikuwepo tangu siku ya kuchimba msingi.

Jumamosi ya kwanza tulifika mioyo inawaka kweli, fulana za umoja wa vijana, glavu mpya, simu mkononi, tumeomba tumefunga. Mara mama mwenye nyumba akatoka na karai, kijana wetu mmoja kwa upendo kabisa akamwambia mama wewe kaa pumzika, leo sisi tutafanya kila kitu. Yule mama akamwangalia, akamwambia taratibu, "Mwanangu, nyumba yangu nisiishike?" Akapita akaenda kwenye kokoto. Sijaisahau sauti ile mpaka leo.

Wako waliolijua hili kabla yetu. Millard Fuller na mkewe Linda, Wamarekani, jamaa alikuwa milionea hata miaka 30 hajafika lakini ndoa ikawa inakufa, mwaka 1965 wakaamua kuuza mali na kugawa, wakaishia kwenye shamba la Wakristo kule Georgia linaitwa Koinonia, wakakaa chini ya mafundisho ya Clarence Jordan. Mwaka 1973 wakahamia Zaire, ndiyo Kongo ya leo, wakajenga na watu wa Mbandaka, na waliporudi kwao mwaka 1976 wakaanzisha shirika la kujenga nyumba linaloitwa Habitat for Humanity. Utaratibu wao ulikuwa hivi: familia inashika kazi yenyewe, inajenga nyumba yake na za wenzake, alafu inalipa nyumba kidogo kidogo bila riba, kama Kutoka 22:25 inavyokataza kumtoza maskini riba, na pesa inayorudi inajengea familia nyingine. Kuna mpendwa aliniambia hiyo siyo sadaka, sadaka ni bure. Mimi naona tofauti. Yule anayelipa leo anamjengea mtu ambaye hamjui, sasa na yeye ni mtoaji, anakaa benchi moja na sisi. Kutoa bure ni kuzuri na kuna wakati hakuna njia nyingine, lakini kumwachia mtu nafasi ya yeye naye kutoa, hiyo ni heshima nyingine kabisa.

Na kazi yenyewe haina mkubwa. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alianza kujenga nao mwaka 1984 na mkewe Rosalynn, na Oktoba 2019 akiwa na miaka 95 alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 usoni, kesho yake yuko Nashville na vifaa vyake anajenga. Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko Nehemia sura ya 3, watu wanajenga upya ukuta wa Yerusalemu, ile sura ya majina ambayo tunairuka kwa sababu ni magumu kutamka. Soma taratibu. Kuna wafua dhahabu mle, kuna watengeneza manukato, watu wa mikono laini wamebeba mawe, na mstari wa 12 kuna Shalumu na binti zake. Akina dada wa umoja wa vijana, mmeandikwa! Na mstari wa 5 wameandikwa pia wakuu wa Tekoa waliokataa kutia shingo zao kazini. Na ukiendelea kusoma unakuta neno linajirudia, huyu alijenga mbele ya nyumba yake, na yule mbele ya nyumba yake. Nehemia hakumwambia mtu kaa pumzika tukujengee.

Sasa nisimulie yaliyotuuma, manake ndiyo yaliyotufundisha.

La kwanza ni la ukuta. Tulikuwa kozi ya tano, yaani mstari wa tano wa matofali, tunaimba, matofali yanapanda. Fundi akaja akashusha timazi, ule uzi wenye jiwe wa kupimia kama ukuta umenyooka, uzi ukatulia, tukaona wote ukuta umeliacha lile jiwe kama upana wa kidole hivi. Akasema bomoeni. Mmoja wetu akasema lakini fundi si plasta itafunika? Fundi akamuuliza, "Ingekuwa kwenu ungeacha?" Hakuna aliyejibu. Tulibomoa kozi tatu kimya kimya tukifuta udongo kwenye kila tofali, na mimi moyoni nikijua kabisa kwamba kwetu nisingeacha. Kuna mahali tulikuwa tumeshajiambia bila kutamka kwamba kwa maskini hata kilichopinda ni afadhali. Mungu hakuwaza hivyo, Kumbukumbu 22:8 anaagiza dari ya nyumba mpya iwekewe ukingo mtu asianguke. Mungu wa mbinguni anajishughulisha na ukingo wa dari!

La pili ni zito zaidi. Wiki ya pili tulipiga picha chumba walichokuwa wanaishi, godoro, ndoo, watoto wamekaa chini, tukaposti ili watu waguswe wachangie. Watu waliguswa, michango ikaja. Na yule binti wao mkubwa picha ikamfikia shuleni kupitia simu za wenzake, akachekwa, akakaa siku mbili hataki kwenda. Mama hakutugombeza. Alituuliza tu, mngeniomba ningekataa? Hapo ndipo mistari hii ilipotuchoma. Rehani hatukuchukua, lakini tuliingia ndani kwa mtu bila kusimama nje, tukatoka na aibu yake tukaionyesha watu. Tulizifuta, tukamwomba msamaha yeye na binti yake, na binti hakutusamehe siku ile, na alikuwa na haki.

Na kitu kingine ambacho hakipigwi picha. Mnajua wanavyosema zege halilali, ukishalichanganya lazima limwagwe siku hiyohiyo, na siku ya kumwaga zege ndiyo sisi tunakuwa wengi, kelele, nyimbo. Lakini zege haliwi gumu kwa kukauka, linakuwa gumu kwa kunywa maji, siku saba za mwanzo linatakiwa libaki na unyevu la sivyo linapasuka. Sasa Jumapili tuko ibadani, Jumatatu kazini, nani alikuwa anamwagilia? Yule mama. Alfajiri kabla hajaenda kibaruani na jioni akirudi, na ndoo. Zaburi 127 inasema Bwana asipoijenga nyumba waijengao wafanya kazi bure, na mimi naamini zile siku ambazo sisi hatukuwepo, Bwana alikuwepo na mama.

Jumamosi iliyopita tulienda kuomba nao. Miezi yote hii tumekuwa tukipita pale tunavyotaka, dirishani, penye uwazi wa mlango, na viatu vya udongo. Tukafika tukakuta mlango umeshawekwa, umefungwa. Yule kijana wa siku ya kwanza ndiye alikuwa mbele, nikamwona amesimama, anaangalia viatu vyake, akavivua. Akagonga. Hodi. Ndani tukasikia sauti ya yule binti, "Subirini kidogo."

Tukasimama nje.