Siku moja maishani mwangu: napandisha nyimbo za wasanii wasio na lebo

Saa 11 alfajiri niko macho hapa Mbagala, kwa kuwa saa hizo intaneti ina kasi. Wimbo wa dakika tatu na nusu ukiwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ni megabaiti 35 hivi. Mchana unaweza kuusubiri hadi ukate tamaa.

Mtaani wanajua nashinda nachezea simu. Kazi yangu ni kuwapandishia nyimbo kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni wasanii wanaojitegemea, na kusimamia kundi la Telegram ambamo wanasikilizishana kazi kabla hazijatoka. Humo huweki wimbo wako mpaka usikilize nyimbo mbili za wenzako na kuziandikia neno la maana. "Moto sana kaka" haihesabiwi.

Kufika saa 3, mambo ya kawaida yamekwisha: kava za pikseli 3000 kwa 3000, majina ya watunzi, namba za ISRC za kutambulisha kila rekodi, tarehe za kutoka. Mzee mmoja wa Tanga, mpiga gambusi, kaitikia shikamoo yangu na kuuliza kama wimbo umefika. Umefika, ila WhatsApp imeubana. "Nitumie kama dokumenti, mzee wangu."

Saa 4 kijana wa Mwanza akanitumia wake. Wimbo unatoka Ijumaa, posta imeshasambaa, video imeshapigwa. Nikavaa hedfoni. Sauti anayo, tena nzuri. Lakini sekunde ya saba, chini ya kinanda, msichana ananong'ona jina la kigeni. Nikarudisha. Lipo.

"Biti umeitoa wapi, mdogo wangu?"

"Studio, dada. Prodyuza kaitengeneza mbele yangu."

"Na hiyo sauti ya msichana?"

"Madoido hayo."

Ile ni sahihi ya mwenye biti. Nikaitafuta YouTube nikaipata, imeandikwa wazi kuwa ni ya bure kwa asiyefanyia biashara. Nikamtumia linki. Kimya. Kisha zikaanza kuja sauti za dakika nnenne, moja baada ya nyingine: hela ya studio aliikopa, nyumbani wote wanasubiri, nikate tu pale kwenye mnong'ono nipandishe.

Kukata hakusaidii. Content ID, mfumo wa YouTube wa kulinda haki, hulinganisha wimbo na rekodi zilizosajiliwa, na biti ya namna hiyo huwa mikononi mwa watu wengi. Mmoja akitangulia kusajili wimbo wake, wa kwako unadaiwa na mapato yanaweza kwenda kwake. Zaidi ya hapo, msambazaji, yaani kampuni ninayopitishia nyimbo, akinifungia akaunti, na mzee wa Tanga nyimbo zake zinaondoka. Nilimweleza kijana hayo, nikarudia, nikarudia tena, wali ukapoa mezani.

"Dada, unanibania. Mnabeba wa Dar tu."

Neno hilo liliniuma. Hawa vijana nawapigania kwa sababu najua inawezekana bila kubebwa na redio. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, ukauzwa kwenye tovuti ya muziki ya Bandcamp, na watu wa Ulaya wakaijua singeli ya uswahilini kwetu. Biti zile zilikuwa za kwao wenyewe. Hapo ndipo ninapokazania.

Jua lilishashuka, mgongo unawaka, nikaweka ombi kundini: nani anaweza kutengeneza mdundo mpya juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa? Prodyuza wa Morogoro akajibu. Sasa ikabaki kuipata sauti tupu, na ile studio ikataka ilipwe upya kwa kuitoa! Nikaomba namba, nikapiga mwenyewe. Mabishano yakaenda hadi baada ya isha, wakaitoa bila kulipwa.

Kijana akasikia mdundo wa kwanza usiku. "Dada, huu ndio wimbo," akasema, mengine hakugusia. Ijumaa tumeiahirisha. Kabla sijazima kompyuta niliwaandikisha wote wawili makubaliano ya nusu kwa nusu, nikajaza fomu: mtunzi, jina lake, prodyuza, jina la yule wa Morogoro.