Ripoti ya kurasa 64 na muhtasari wa kijiji

Kazi yangu chuoni ina jina refu: uchechemuzi, yaani kusukuma hoja hadi kwa wenye maamuzi, na ushirikishwaji wa jamii. Hilo neno uchechemuzi hunichekesha kila nikiliandika, maana mwaka wangu wa kwanza nilichechemea kweli. Chuo kikuu kina majukumu matatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Hilo la tatu mara nyingi huachiwa mtu mmoja mwenye meza karibu na stoo. Pale kwetu mtu huyo nilikuwa mimi.

Mhadhiri mmoja wa kemia aliniletea ripoti ya kurasa 64. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamepima maji ya visima na chemchemi katika kata moja chini ya Mlima Meru. Floridi, madini ambayo yakizidi kwenye maji huharibu meno na mifupa, ilikuwa juu, jambo lisilo geni kwenye miamba ya volkano ya kaskazini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, baadaye tukashuka nasi hadi 1.5. Vyanzo kadhaa vya kata ile vilikuwa vimevuka hata ile 4 ya zamani.

"Ifikishe serikalini," akaniambia, akaenda zake darasani.

Nikaifikisha. Nilitoa nakala tano, nikazibana kwa plastiki safi, nikaambatisha barua yenye nembo ya chuo na kuzisambaza kwenye masijala za ofisi zote nilizozifahamu. Kila mahali nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Nikasubiri hadi Mei, kimya. Sikuona ajabu wakati ule kwamba ripoti nzima ilikuwa kwa Kiingereza.

Nilipokwenda kufuatilia, afisa mipango wa halmashauri alinikalisha kitako na kunieleza bila hasira. Baraza la madiwani lilikuwa limepitisha bajeti tangu Februari. Sasa makabrasha yako Dodoma, wabunge wanayajadili, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza bila kifungu chochote kinachoningoja mimi. Halafu akaniuliza kama najua kwamba maji ya vijijini hayako mezani kwake. Tangu ile Sheria Na. 5 ya 2019, mwenye kazi hiyo ni RUWASA, wakala wa maji vijijini. Nilitikisa kichwa kama mtu anayejua. Swali lake la mwisho ndilo lililonimaliza: "Na wananchi wenyewe wameomba nini? Muhtasari wa mkutano wa kijiji uko wapi?"

Sikuwa nao. Kijijini kwenyewe sikuwahi kufika.

Wiki iliyofuata nikapanda gari hadi kwa mtendaji wa kata, naye akanipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Baada ya shikamoo na kiti, mzee alinitazama kidogo. "Mwanangu, mlikuja hapa mkajaza chupa zenu, mkatazama meno ya watoto wetu, mkaandika, mkaondoka. Majibu hatukuyaona. Leo umekuja kuandika nini?" Sikuwa na utetezi. Niliomba radhi kwa niaba ya chuo, nikaomba dakika 30 kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Mkutano huo kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tuliingia kwenye ule ambao mapato na matumizi yangesomwa, na nakiri kwamba watu walijaa kwa sababu hiyo, hawakujaa kwa ajili yetu. Aliyeniuliza habari za posho nilimwambia mapema kwamba kuna soda tu.

Nilimkataza mhadhiri kuja na kompyuta. Alikuja na jiko la mkaa, sufuria na pakiti ya chumvi, maana nilishamwonya kwamba swali la kwanza litakuwa "tukichemsha je?" Na ndilo lililokuja. Akachemsha maji ya chumvi mbele ya watu hadi yakapungua nusu, yakapoa, akawaonjesha vijana wawili waliokunja nyuso. Floridi nayo hufanya hivyohivyo: maji yanaondoka kwa mvuke, yenyewe inabaki na kuzidi ukali. Katika ile ripoti jambo hilo lilikuwa na grafu tatu.

Baada ya hapo maneno yalifunguka. Kijana mmoja alisimama akasema akiwa Dar hucheka ameziba mdomo, kwa sababu akiuachia tu huambiwa, "Wewe wa Arusha." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mhadhiri akaeleza kwamba meno huharibika wakati yanajijenga ndani ya ufizi, kabla mtoto hajafika kama miaka minane, na kwamba maji makali zaidi, kwa miaka mingi, huingia hadi kwenye mifupa. Akataja pia chujio la mifupa iliyochomwa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi muda mrefu. Mzee mmoja akauliza: mifupa ya mnyama gani, na nani amemchinja? Swali la haki kabisa. Tulijibu, lakini niliona nyuso hazijaridhika, na sikutaka kulisukuma chujio kwa watu ambao hawangeyanywa maji yake.

Kisha mama mmoja wa nyuma, mtoto mgongoni: "Na magadi ninayotia kwenye makande?"

Mhadhiri alikaa kimya. Hakuwa ameyapima. Magadi yanaweza kubeba floridi nyingi, na kule kila jiko lina magadi.

Mkutano uliazimia mambo mawili: halmashauri iweke matangi ya kuvuna mvua kwenye shule mbili za msingi, zenye madarasa ya awali, na RUWASA waipime chemchemi ya juu ambayo wazee wanasema maji yake ni mepesi. Muhtasari ukaandikwa kwa mkono, ukasainiwa, ukagongwa muhuri. Kurasa mbili. Hizo ndizo zilizotembea.

Kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani alitaka kwanza kujua nani katutuma. Uchaguzi haukuwa mbali, na aliona maji mabaya kwenye kata yake kama silaha ya mtu. Nikamwonyesha saini za wananchi wake na kumwambia hoja ni yake, aipeleke yeye barazani, sisi tutakaa nyuma kujibu la kitaalamu kama litaulizwa. Hapo nikagombana na bosi wangu, aliyetaka bango la chuo na picha. Nilimwambia bango likitangulia, diwani anabaki nyumbani. Hakulipenda, lakini aliniacha.

Novemba tulikuwa tayari, kabla afisa mipango hajaanza kupanga. Alisoma zile kurasa mbili nikiwa nimesimama. Ukomo wa bajeti ulikata shule moja, iliyobaki ikaingia kwa fedha za mapato ya ndani. RUWASA nao walikwenda kuchukua sampuli ya chemchemi baada ya kupata barua ya kijiji, si ya chuo.

Fedha zilichelewa. Tangi lilikuja masika yakiwa yameshaanza, na fundi wa mifereji ya bati akatokea wiki mbili baadaye, kwa hiyo mvua kubwa za kwanza zilimwagika chini tukizitazama na mwalimu mkuu. Baadaye likajaa. Shule ya pili ilirudi kwenye muhtasari wa mwaka uliofuata, na diwani hakuhitaji tena kukumbushwa.

Magadi tulimpa mwanafunzi wa mwaka wa tatu yawe utafiti wake wa kuhitimu. Alinunua mafungu kutoka masoko matatu na kuyapima, na floridi ilikuwemo, ya kutosha kumtia wasiwasi mhadhiri wake. Safari hii hatukusubiri ripoti ijalidiwe. Tulirudi kijijini na karatasi moja, kwa Kiswahili, nami nikamtafuta yule mama kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, mtoto sasa anatembea mwenyewe pembeni yake.

"Haya, nimesikia," akasema. "Nisipotia magadi, kuni za kuivisha hayo makande analeta nani?"

Mwanafunzi akamwambia aloweke mahindi na maharage usiku kucha. Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na mmoja akamuuliza kama kwao aliwahi kupika.