Masta ya mabadiliko ya tabia nikiwa Tanga, na jinsi kete za bao zilivyonivusha

Nimemaliza. Matokeo yametoka na nimefaulu, tena tasnifu ndiyo imenipa alama kubwa kuliko kitu kingine chochote, na kwakuwa watu wananiuliza sana nimewezaje nikiwa hapahapa Makorora, na zamu za usiku, na watoto wawili, naandika yote mara moja.

Mie ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja huu, na miaka sita ya mwisho nipo kliniki ya presha na sukari. Kilichonipeleka kusoma ni hasira. Kila semina ninayokwenda wimbo ni mmoja, wagonjwa hawana elimu, tutoe elimu. Nimetoa elimu mie mpaka sauti ikakauka. Mgonjwa anakusomea mwenyewe, chumvi nipunguze, dawa kila siku, presha inaua kimyakimya, kaihifadhi yote kama Alhamdu, alafu unampima unakuta 180 kwa 110 na kifuko cha dawa cha mwezi uliopita kimejaa nusu. Sasa huyo unampa elimu gani tena? Hilo swali lilikuwa linanikosesha usingizi kweli kweli, na nilipogundua kuna watu wanasomea hicho hicho tu, kwanini mtu anajua na hafanyi, nikasema hii ni yangu.

Ushauri mbaya nilioupata sasa. Kuna aliyeniambia saikolojia ni ya wagonjwa wa akili, nisome afya ya jamii kama wenzangu. Kuna mwingine, huyu ndo nusura anipoteze, aliniambia chukua masta yoyote ya Uingereza yenye jina la saikolojia ya afya, ukimaliza tu unaitwa mwanasaikolojia wa afya. Si kweli jamani. Kule hilo jina linalindwa na sheria, lazima uwe umesajiliwa, na masta ni hatua ya kwanza tu, kuna hatua ya pili ndefu ya mafunzo juu yake. Alafu zile masta zinazohesabika kwenye njia hiyo zinataka shahada ya kwanza iwe ya saikolojia inayotambuliwa na chama chao cha wanasaikolojia, na mie shahada yangu ni ya uuguzi. Nimekuja kuligundua siku ambayo ilibaki kidogo nilipe hela ya maombi. Nikahamia kozi ya mabadiliko ya tabia, kwa njia ya mtandao, ambayo inapokea wauguzi, wafamasia, walimu, mtu yeyote anayeshughulika na watu. Mnaotaka kuomba someni ukurasa wa masharti ya kujiunga mpaka mstari wa mwisho, msisomewe na mtu.

Ada ukiigeuza kwa hela zetu ni zaidi ya milioni ishirini, inalipwa kwa awamu. Awamu ya kwanza akiba yangu na kikoba, ya pili imelipwa na machungwa ya mama kule Muheza, na mama yangu nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Bando lilikuwa kama elfu thelathini kwa mwezi hivi, wakati mwingine zaidi. Takwimu nilifanyia Jamovi, ni programu ya bure, msinunue kitu.

Esei ya kwanza nilipata alama ya chini kabisa inayoruhusu kupita. Mwalimu kaniandikia maneno machache, umeeleza lakini hujachambua. Nililia, kwasababu niliandika ile esei usiku wiki mbili nzima na ndani nilikuwa na kila nadharia. Ile ya imani juu ya afya, iliyoanza Marekani miaka ya 1950 walipojiuliza kwanini watu hawaendi kupiga picha ya kifua ya TB na ni ya bure, Bandura wa 1977 na kujiamini kwamba unaweza, Ajzen wa 1991 na nia. Zote nilizipanga vizuri kama vyombo kabatini. Tatizo hakuna nilichozifanyia. Sie wauguzi tumefundishwa kuandika ripoti, kilichoonekana, kilichofanyika, saa ngapi, basi. Kubishana na karatasi ya mtu mwenye jina kubwa sikuwa najua kama inaruhusiwa.

Nilichofanya, na hiki naomba mkijaribu, nilianza kujirekodi kwa voisi. Namaliza kusoma makala, nafunga laptopu, nachukua simu namtumia voisi dada mmoja tunayefanya nae kazi, namwambia huyu mzungu anasema mtu akiwa na nia atafanya, lakini wewe si unamjua yule mzee wa Chumbageni, nia anayo mpaka imemwagika na dawa hamezi, sasa hii nia inakwama wapi? Na yeye ananijibu, ananipinga, anatoa mfano wake. Alafu nakaa nasikiliza voisi zangu naandika nilichosema. Esei ya pili alama zilipanda sana na mwalimu akaandika sasa nakusikia.

Kwenye muhula wa pili ndo nikakutana na COM-B, ya Susan Michie na wenzake, 2011. Inasema ili tabia itokee lazima vitu vitatu viwepo, uwezo, fursa na motisha, na kimoja kikikosekana usitegemee kitu. Ukiisikia unaona ni ya kawaida, lakini nilipoichukua nikaenda nayo kliniki nilianza kuona wagonjwa wangu upya kabisa. Kuna mama mmoja anauza samaki pale Deep Sea, anapewa vidonge viwili, kimojawapo ni kile cha kukojoa. Miaka yote tumemwandika kwenye faili "hafuati matibabu". Nikamuuliza siku moja taratibu, mama hiki kidogo cheupe vipi? Akaniangalia akasema, mwanangu mie nakaa kwenye mchanga toka alfajiri mpaka saa saba, mtumbwi ukifika nikaondoka kwenda kutafuta choo nani ataninunulia samaki wangu? Basi. Elimu anayo na nia anayo, ila choo hana. Tulichofanya ni kumrudisha kwa daktari wakabadilisha saa ya kumeza, sasa anameza akisharudi nyumbani, na presha yake imeanza kushuka. Miaka mingapi tumemhubiria yule mama!

Sasa nije kwenye dodoso, maana hapa ndo nilipopigwa haswa.

Tasnifu yangu ilikuwa wagonjwa wa presha na kumeza dawa. Nilichukua maswali ya Kiingereza yanayotumika, nikatafsiri, mtu mwingine akayarudisha kwenye Kiingereza, yakalingana, nikafurahi nikaenda kuyajaribu kwa watu wanane. Swali la kwanza, je huwa unasahau kumeza dawa? Wote wanane, hapana. Nimevaa gauni la kazi, nimekaa na kalamu, nani ataniambia ndiyo? Nikavua gauni, nikaenda majumbani na dera langu kama mtoto wa mtaa, nikabadilisha swali, kwenye hii wiki iliyopita ni siku zipi dawa ilikupita? Yani nimeshakubali kwamba inapita, nauliza siku tu. Hapo watu wakafunguka, Ijumaa nilikuwa kwenye harusi, Jumapili nilikwenda Pongwe kwenye msiba nikalala hukohuko.

Swali lililonikatalia kabisa ni la kujiamini. Linasema, kuanzia sifuri mpaka kumi, una uhakika kiasi gani kwamba utameza dawa zako kila siku mwezi huu? Bibi wa kwanza, Inshallah. Nikasema sawa bibi, ila ukiweka namba? Inshallah mwanangu, Mungu akipenda. Mzee wa pili, Inshallah. Mama wa tatu ni Mkristo, akaniambia Mungu akinijalia. Watu wanane nimetoka na Inshallah nane, na huwezi kuiingiza Inshallah kwenye Jamovi. Msimamizi wangu, ambae ni mtu mwema sana na alinibeba, aliniambia kwa video labda hiyo inaonyesha hawana uhakika. Nikamwambia hapana, kwetu Inshallah unaisema hata kwa jambo ambalo umeshafunga mizigo. Mtu kusema nina uhakika kumi juu ya kesho ambayo si yake ni kukosa adabu mbele ya Mungu. Kwahiyo swali lenyewe lilikuwa linamuomba mtu akufuru kidogo ndo apate alama.

Wiki nzima nimezunguka na hilo kichwani. Jumamosi jioni napita kule Ngamiani nakuta wazee barazani wanacheza bao, na mmoja ameshika kete mkononi anazitikisa anafikiri. Nikasimama pale kama nimepigwa na umeme. Kesho yake nikaazima kete kumi. Nikarudi kwa bibi yule yule, shikamoo bibi, marhaba, nikazimwaga kwenye mkeka. Nikamwambia bibi, kudra tumuachie Mwenyezi Mungu, hapa tuongelee mkono wako tu. Kete kumi zote maana yake mkono wako umeshazoea kidonge kama unavyozoea kijiko, kete moja maana yake kila siku ni vita. Nisogezee za mkono wako. Bibi akakaa kimya, akasogeza tano, akafikiri, akarudisha moja. Nne. Alafu mwenyewe, sijamuuliza, akasema, hizi sita zilizobaki ni kwasababu mie dawa sijaziacha mwanangu, huwa nazipumzisha.

Nimeandika hilo neno kwenye daftari mkono unatetemeka. Kupumzisha dawa. Kwenye mahojiano kumi na nane niliyofanya baadae nimelikuta kwa watu zaidi ya nusu. Maana yake kichwa hakiumi, shingo haivuti, kwahiyo presha haipo leo, dawa zipumzike, ikirudi nitazirudia. Na si ujinga wa watu wa Tanga huo, maana 1985 Leventhal na wenzake walikuta wagonjwa wa Marekani nao wengi wanaamini wanaisikia presha yao ikipanda na wanameza dawa kwa kufuata hizo dalili. Mtu anajitengenezea maelezo ya ugonjwa wake na anayafuata maelezo yake, si ya kwangu.

Kwahiyo kwa bibi sikumwambia unakosea. Nilikwenda na mashine ya kupimia siku tatu tofauti, kabla sijapima namuuliza leo ipo au haipo? Anasema, tunapima, tunaandika. Siku mbili alisema haipo na ilikuwa juu ya 160. Siku ya tatu akanyamaza mwenyewe akauliza, sasa hii inakaa wapi isiponiuma?

Baada ya hapo ndo tukapanga. Gollwitzer, Mjerumani, 1999 aliandika kwamba nia peke yake haitoshi, mtu aseme kabisa kikitokea hiki nitafanya hiki. Bibi huyu chai ya asubuhi haikosi hata dunia ipinduke. Mpango wake, nikishamimina chai, kabla sijakaa, nameza. Na usiku kabla ya kulala anafunika kikombe chake juu ya kidonge, juu ya kabati wajukuu wasifike, kwahiyo asubuhi hawezi kupata chai bila kukutana nacho. Kwenye ile orodha ya mbinu 93 za kubadili tabia iliyotoka 2013 hiyo ina majina yake, kuweka kikumbusho, kupanga upya mazingira, lakini kikombe ni wazo la bibi mwenyewe na nimeliandika hivyo kwenye tasnifu.

Na tafadhali acheni kuwaambia wagonjwa siku 21 unakuwa umezoea. Hiyo imetokana na daktari wa upasuaji wa Marekani mwaka 1960 aliyeona wagonjwa wake wanachukua kama siku hizo kuzoea sura mpya. Lally na wenzake kule London 2010 walifuatilia watu 96 wakapata katikati ni siku 66, na kuna wa 18 na kuna aliyekadiriwa 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho ndo ninalowaambia wagonjwa, maana wengi wakiruka Ijumaa wanaona imeshaharibika wanaacha mpaka kliniki ijayo.

Nilisahau kibali. Mtu aliniambia kibali cha maadili cha chuo kinatosha, hakitoshi, unafanya utafiti wa afya kwa watu wa Tanzania unahitaji na cha hapa nyumbani, alafu barua ya mkoa, ya jiji, mpaka mwenyekiti wa mtaa. Mie nilikaa karibu miezi mitatu nasubiri kwasababu nilichelewa kuanza. Anzeni siku mnapopata mada, msingoje dodoso liwe zuri.

Sasa hivi kliniki wamenikubalia nitumie kete na wagonjwa wa sukari. Nimeshawajaribu sita, ile ya vidonge imekwenda vizuri, ya sindano bado haikai, watu wanasogeza kete kumi bila kufikiri na mie siwaamini, kwahiyo Jumamosi nakwenda Pongwe kuliuliza upya.