Siku Moja Maishani Mwangu: Usaili wa Mhandisi wa Mifumo

Saa 12:00 asubuhi
Leo sisomi kitu kipya. Nawasha kompyuta pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi) ya Linux na kuivuruga makusudi: nazima DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba), naijaza diski, naondoa ruhusa kwenye faili ya mipangilio, kisha nairudisha sawa huku nikijieleza kwa sauti. Wengi wetu tunajua kutengeneza, ila tumezoea kutengeneza kimya kimya. Kwenye usaili, ukikaa kimya jopo halina cha kupima.

Saa 3:00
Raundi ya kwanza ni ya nadharia, kwa video. Linakuja lile swali kongwe: mtu akiandika anwani ya tovuti kwenye kivinjari, nini kinatokea? Nalipenda kwa sababu unaweza kulichimba utakavyo. Naanza na kumbukumbu ya kivinjari, naenda DNS kwenye poti 53 (poti ni mlango wa mawasiliano wenye namba), halafu hatua tatu za TCP za kufungua muunganisho (SYN, SYN-ACK, ACK) hadi poti 443, TLS inayosimba mawasiliano na ukaguzi wa cheti cha tovuti, ndipo ombi la HTTP la kuomba ukurasa.

Msaili ananikatiza: "Na DNS ikiendelea kutoa anwani ya zamani?" Hapo ni TTL, muda ambao jibu linaruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu. Anayepanga kuhamisha seva huipunguza mapema, kabla ya siku ya kuhama. Anaandika kitu, tunasonga.

Saa 4:30
Sasa vitendo, raundi niliyokuwa naisubiri. Napewa seva na maelezo mafupi: programu inalalamika kuwa diski imejaa.

Napiga `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Diski imetumika asilimia 61 tu. Nasema wazi kwamba ujumbe wa programu na hali ya diski havipatani, kwa hiyo kuna kitu kingine kilichokwisha. Napiga `df -i`, inayohesabu inodi, yaani rekodi ambazo mfumo hutunzia taarifa za kila faili: zimetumika asilimia 100. Kila faili inahitaji inodi yake, hata iwe tupu, na kwenye ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, idadi ya inodi hupangwa mfumo huo unapoundwa. Zikiisha, huundi faili mpya hata kama nafasi imebaki tele.

Nafuatilia folda moja baada ya nyingine mpaka naikuta yenye rundo la faili ndogondogo za sesheni (kumbukumbu za watumiaji walioingia kwenye programu). Mkono unataka kufuta, lakini nauliza kwanza: "Hizi za zamani, kuna anayezihitaji?" Jopo linajibu kwamba za zaidi ya siku saba hazitumiki. Natumia `find` kuzichuja kwa umri, nazitazama orodha yake, ndipo nafuta.

Seva inapumua, ila kazi haijaisha. Kwa nini zilirundikana? Naingia kwenye cron, kiratibu cha kazi za kujiendesha, na kukuta kazi ya usafi ipo, lakini inaelekezwa kwenye folda isiyokuwepo tena. Narekebisha njia, naiendesha kwa mkono kuhakikisha, na napendekeza tahadhari ya inodi iwekwe kwenye mfumo wa ufuatiliaji. Kwangu mimi, anayeishia kwenye kufuta amezima moshi na kuuacha moto.

Saa 7:00
Mapumziko. Nakula, nanyoosha mgongo, simu naiweka mbali.

Saa 8:00
Usanifu. Wanataka huduma yenye upatikanaji wa asilimia 99.99. Napiga hesabu mbele yao: asilimia 99.9 inaruhusu takribani saa 8 na dakika 46 za kukatika kwa mwaka, 99.99 inaruhusu kama dakika 53 tu. Kwa dakika hizo huwezi kutegemea mtu aamshwe usiku, afungue kompyuta na aanze kutafuta tatizo. Seva ya akiba lazima ipokee kazi yenyewe. Nauliza pia mara ya mwisho walirejesha lini data kutoka kwenye nakala rudufu, na ilichukua muda gani. Wanatazamana, kisha mmoja anajibu kwa uaminifu. Nimewapenda kwa hilo.

Saa 10:00
Mazungumzo na timu. Nauliza zamu za usiku zinapangwaje, na baada ya hitilafu kubwa kikao kinatafuta chanzo au kinatafuta mtu. Usione haya kuuliza hivi. Ni wewe utakayeishi na majibu yake.

Mhandisi mkongwe ananipa fumbo la kuagana: ping (jaribio la kuona kama seva inajibu) inapita, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inaingia, lakini kunakili faili kubwa kunakwama. Najibu kuwa naishuku MTU, ukubwa wa juu wa pakiti (kipande cha data) unaoruhusiwa njiani: pakiti kubwa zinakwama, na ujumbe wa ICMP wa kumwarifu mtumaji apunguze ukubwa unazuiwa na ngome ya mtandao.

Saa 1:00 usiku
Nimewasha kompyuta pepe tatu, ya kati ikiwa ruta. Kompyuta za pembeni zina MTU ya baiti 1500, ila kwenye ruta upande mmoja nimeishusha hadi 1400, na ujumbe ule wa ICMP nimeuzuia. Faili inakwama vilevile alivyoeleza. Naufungulia ujumbe huo, faili inapita. Naandika barua pepe ya shukrani kwa jopo na kuambatisha matokeo ya `tcpdump`, chombo cha kurekodi pakiti, kabla na baada.